Mizabibu ya Baba Kwenye Mvua za Kitanga

Jumatatu, 4 Novemba
Nimepogoa kabla ya kwenda shule. Mashina sita, mwaka wa tatu, bado sijala hata tunda moja. Novemba, kama baba alivyopogoa Dodoma. Kaka zangu walipouza shamba lake niliokoa vipando hivi tu. Vikifa, baba kaisha.

Mvua tangu alfajiri. Hii nayo nchi? Kwetu mvua ina adabu, inakuja na kuondoka. Hapa Kitanga inamwagika miezi na miezi, hata viatu vinaota ukungu.

Jirani, Mama Butoyi, kachungulia uani. Anashangaa nakata mti unaochipua. Mtu wa maharage na mihogo atajua nini kuhusu zabibu? Nyoo!

Alhamisi, 12 Desemba
Maua yametoka. Mvua imeyapukutisha. Naichukia.

Jumamosi, 8 Februari
Vishada vitatu vilivyobaki vimeoza. Nimekwenda Kasulu kutafuta salfa, dawa ya ukungu wa zabibu. Muuza dawa kanipa dawa ya nyanya. Ya nyanya! Watu hawa.

Jumatano, 14 Mei
Mbuzi wa Mama Butoyi kakata kamba. Katafuna mizabibu yote, vimebaki vijiti. Nimelia waziwazi. Mama Butoyi kaja na ndizi kuomba radhi.

"Pole mwalimu, itachipua. Mvua si imekwisha?"

Nimemfungia mlango. Yeye na mbuzi wake, sijui nani mjinga zaidi. Ndizi zake sizitaki.

Nimekula mbili.

Jumatatu, 2 Juni
Imechipua. Sina hamu nayo.

Ijumaa, 18 Julai
Vishada. Vigumu, vya kijani, hakuna ukungu. Vumbi tupu, tangu Mei halijaanguka tone. Kumbe kiangazi cha zabibu kilikuwa hapa hapa, na mimi kila mwaka napogoa Novemba, zabibu zinaiva ndani ya masika. Mbuzi kapogoa kwa majira ya Kitanga. Mimi kwa majira ya Dodoma.

Na mimi ndiye mwalimu wa jiografia. Majira ya mvua nayachora ubaoni kila mwaka. Mjinga nimemjua sasa.

Jumapili, 14 Septemba
Nimevuna. Tamu kama za baba, na kauchachu kale kale mwishoni. Nimekaa chini kwanza.

Kisha nimempelekea Mama Butoyi kishada. Miaka minne ananiamkia yeye kwa Kiha, mimi najibu kwa Kiswahili. Leo nimemwahi: "Mwakeye." Kala, katema mbegu, kasema si mbaya, ila ndizi zinashibisha. Kauliza kama mbuzi wake anaweza kupata majani.

Nimemwambia asubiri Mei.