Shangazi Aliyeshindwa Kuacha Kuhesabu Karata

Mpendwa Bi. Graciana,

Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Uliponijibu katika safu yako ya ushauri gazetini kuhusu jirani na tausi wake nilipaswa kukushukuru, nami sikukushukuru, kwa kuwa tausi aliondoka na mimi nikasahau. Sasa naomba msaada tena, na safari hii mkosaji ni mimi, au labda mimi si mkosaji. Hilo ndilo nataka uniambie bila kunibembeleza.

Nina miaka sabini na minne na nilifundisha sarufi katika shule ya sekondari hapa Sparks, Nevada, mpaka nilipostaafu, na hadi leo wanafunzi wangu wa zamani wakiniona dukani huficha bia nyuma ya mkate. Kila Jumatano sisi akina mama wa kanisa hupanda basi dogo kwenda Reno, kwenye kasino moja iliyo karibu na reli, kwa ajili ya nyama ya mbavu ambayo mchana huuzwa kwa bei ya kutupa, na wenzangu wakishakula huenda kwenye mashine, lakini mimi mashine zinaniudhi kwa kelele, basi nikazoea kuketi kwenye meza ya ishirini na moja, ambako unashindana na mgawa karata, na anayekaribia zaidi ishirini na moja bila kuvuka ndiye mshindi.

Sikukusudia kuhesabu. Niliona tu kwamba karata iliyokwisha kutumika hairudi mpaka karata zote zichangwe upya, na hilo ni sawa kabisa na darasa: ukishawauliza wavivu wote, unajua kwamba waliobaki ni werevu. Karata ndogo zikishapita kwa wingi, zilizobaki ni kubwa, na karata kubwa humfaa mchezaji kuliko mwenye meza, kwa hiyo hapo naongeza dau, na zikiwa kinyume chake nalipunguza. Sina kifaa, sina mwenzangu wa kunikonyeza, sigusi karata ya mtu. Nimemwuliza hata mchungaji wetu, akiwa na kipande cha pai mkononi.

"Kamari ni dhambi," alisema, "lakini kama una hakika ya kushinda, hiyo si kamari."

"Basi ni nini?"

Akamaliza pai yake. "Labda ni ajira," akasema, na akaomba kipande kingine.

Ningeendelea hivyo kwa amani kama si kijana mmoja mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma aliyeketi karibu nami Jumatano iliyopita. Alikuwa na kumi na mbili, mgawa karata anaonyesha sita, na hapo kila mwenye akili hutulia. Yeye akagonga meza kwa kidole, maana yake aongezwe.

"Kijana, ondoa kidole hicho," nilimwambia.

"Bibi, nacheza hela yangu."

"Hela ni yako, lakini macho yanayotazama ujinga huu ni yangu. Karata ndogo zimepita karibu zote. Ukiongeza utavuka."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu nimefuatilia tangu mwanzo, jambo ambalo wewe hukulifanya."

Akaongeza kwa ubishi. Akapewa malkia, ambaye thamani yake ni kumi, akavuka.

"Nilikwambia nini?" nikauliza, na meza nzima ikacheka, isipokuwa mgawa karata, Perlita, binti mwenye adabu, ambaye alikuwa anamtazama mtu aliyesimama nyuma yangu. Mtu huyo alikuwa Lyle, msimamizi wa meza zile, mtoto wa marehemu kaka yangu. Alinishika kiwiko akanipeleka kaunta ya supu.

"Shangazi, unahesabu karata?"

"Nahesabu."

"Aa, Shangazi! Si ungesema hapana tu, tukamalizana?"

"Unataka nikudanganye, mimi niliyekufundisha kusoma?"

"Nataka nibaki kazini! Leo nilikuwa nimekuja tu kukusalimia, nikakukuta unawapa watu somo. Wale wa kamera za ulinzi wakikuona kabla mimi sijakutoa, watasema tumepanga. Nani ataniamini nikisema sikujua? Hebu tazama, tuna pua moja!"

Ni kweli, Bi. Graciana, ni pua ya baba yangu, na haifichiki. Lyle akaniomba niahidi kwamba nitacheza bila kuhesabu, nami nikaahidi, kwa sababu bakuli alilokuwa ameshika lilikuwa limeinama na supu ilikuwa inamwagika. Lakini siwezi. Nimejaribu nyumbani, nimejaribu kuimba tenzi kichwani huku nikigeuza karata, nikamaliza beti zote na hesabu ninayo. Kanisani nimejikuta nahesabu kofia, ndogo huku na kubwa kule. Nikienda Jumatano nitavunja ahadi hata nikiwa nimefumba mdomo. Nisipoenda, sitamwona Lyle, kwa kuwa tangu kaka afariki hatuna mahali pengine pa kukutana: mapumziko yake ni mafupi, hunywa supu ya chaza karibu nami na kunieleza mambo asiyomweleza mtu mwingine.

Je, kufikiri ni wizi? Na kama si wizi, mbona nimekosa usingizi?

Wako mtiifu,
Shangazi wa Sparks

*

Mpendwa Shangazi,

Kwanza, jina lako nimelifuta na mengine nimeyabadilisha, mji ukiwemo, kwa sababu wewe uliyaandika yote kwa wino mweusi: jina la mpwa wako, jina la kasino, hata meza ipo upande gani wa mlango. Unaona jinsi ulivyo? Karibu umfukuzishe kazi kijana wa watu kwa ajili ya ukamilifu wa barua.

Sasa nikujibu. Kufikiri si wizi. Hapa Nevada hakuna sheria inayomkataza mtu kukumbuka kwa kichwa chake mwenyewe karata zilizokwisha kupita mbele ya macho yake. Mimi nimekulia katika nyumba ya wageni ya wachunga kondoo wa Kibasque, watu waliohamia huku kutoka milima ya Hispania, nimewaona wanaume wazima wakiacha mshahara wa msimu kwenye meza hizo kabla hawajanyoa ndevu, na hakuna msimamizi aliyewahi kumshika mmoja wao kiwiko na kumwambia, "Bwana, umepoteza mno, nenda nyumbani." Kwa hiyo usitegemee nitawalilia wenye kasino.

Lakini meza ni yao. Katika mus, mchezo wetu wa karata sisi Wabasque, kumpa mwenzako ishara kwa jicho ni ruhusa. Kwenye meza nyingine utatupwa nje kwa jicho hilohilo. Mwenye meza akisema hataki kucheza nawe, unasimama, unavaa koti, unaondoka. Hiyo nayo ni haki yake, kama kuhesabu kulivyo haki yako.

Kosa lako liko kwingine, na unalijua, ndiyo maana hulali. Uliahidi jambo ambalo huliwezi ili supu isimwagike. Sasa Lyle anasimama pale kila siku akiamini ahadi hewa, na siku wale wa kamera watakapokuona, yeye ndiye atakayelipa. Umempa kijana achague kati ya shangazi na kazi, kisha unaniuliza mimi habari za wizi!

Fanya hivi. Jumatano nenda, kula nyama yako, kisha kabla hujaketi mtafute Lyle mbele ya mkubwa wake na useme kwa sauti, sauti unayo: "Mimi nahesabu karata, siwezi kuacha, nimekuja uniambie linalopaswa kusemwa." Yeye atakwambia yale maneno yao ya adabu, kwamba wewe ni hodari mno kwao na unakaribishwa kucheza mchezo mwingine wowote. Mwache ayaseme yeye. Awe yeye aliyekutoa, mwenye pua yako, mbele ya watu wote; baada ya hapo hakuna atakayesema mmepanga. Watakupiga picha ili wakutambue siku nyingine, basi vaa ile blauzi nzuri. Kisha nenda kaunta ya supu ukamsubiri. Umezuiwa meza, hukuzuiwa chaza wala mpwa.

Na la mwisho, Shangazi, ambalo ni zito kuliko yote. Lyle atakuwa na woga. Atababaika, atachanganya maneno, huenda atayasema vibaya kabisa. Usimsahihishe.

Graciana

*

Mpendwa Bi. Graciana,

Nimepokea jibu lako na safari hii nashukuru papo hapo. Blauzi nimekwisha kuipiga pasi. Kutolewa mbele ya watu nitaweza. Kueleza kosa langu kwa sauti nitaweza, nimefanya kazi hiyo kwa niaba ya wengine maisha yangu yote. Hilo la mwisho naomba unipe muda nilifikirie. Nitakuandikia nikishaamua.

Shangazi wa Sparks