Zamu Yako ya Jumatano, Baba

Mwaka unaelekea kutimia, Baba, tangu ulipotoka nyumbani Jumatano asubuhi na jembe begani, na usirudi kwa miguu yako. Alhamisi hii utatimia kamili. Wengine huandika kumbukumbu siku yenyewe. Sisi tumeona tuwahi kidogo, na sababu utaisikia.

Ulikuwa mkulima wa vitunguu. Shamba lenyewe dogo, mtu akisimama kona hii anampa wa kona ile habari za nyumbani bila kupaza sauti. Ulilitunza kama mtoto aliyezaliwa njiti. Ukipita kwenye matuta ulikuwa unaongea peke yako, na ukifumaniwa ulisema unavisalimia vitunguu, maana vina masikio kuliko wanao.

Maji uliyapima kwa mguu. Ulisimama peku ndani ya mfereji, na yakifika kwenye kifundo ulisema, "Haya, leo tumekula." Yakiishia vidoleni ulinyamaza, na siku hiyo hata mboga ikizidi chumvi hukugomba.

Jioni ulikaa mlangoni kusikiliza vyura wa mferejini. Mama akilalamikia kelele zao ulimwambia, "Waache waimbe, mke wangu. Siku wakinyamaza ndiyo uanze kupiga kelele wewe." Tulicheka. Vyura wamenyamaza tangu kiangazi kilipoanza, Baba. Kinachosikika sasa ni pampu ya jirani wa juu, inaunguruma mchana kutwa, na Mama akiisikia huacha anachofanya na kusimama tu.

Wanaosoma haya na hawakujui waelewe jambo moja. Mfereji wetu ni mmoja na mashamba ni mengi, yameshikana kutoka juu hadi chini kama shanga kwenye uzi. Kila shamba lina zamu yake. Yetu ni Jumatano asubuhi, na ya fundi cherehani, jirani yetu wa chini, ni Jumatano mchana. Zamu hizo hazikuandikwa popote. Zinashikwa kwa sauti. Anayemaliza anamwita wa chini yake, "Maji yako!" na wa chini anajibu, "Nimeyapokea!" Hapo mfereji mzima unajua nani kamwagilia na nani anafuata. Sauti yako ilivuka barabara mpaka dukani. Mwenye duka anasema hakuwahi kuhitaji kalenda, Jumatano alikuwa anaisikia.

Siku ile fundi cherehani alingoja aitwe. Jua likapanda, kimya. Akaja juu kukutania, "Mzee, leo umeyanywa yote?" Akakukuta umelala katikati ya matuta, mkono bado uko kwenye mpini, maji yanapita polepole kando ya shavu lako.

Jirani wa juu, yule ambaye kila mtu anamwita Bwana Pampu, ndiye aliyefika wa kwanza na gari. Alikubeba kwa heshima, na hilo hatumnyimi. Msibani akamshika kaka bega. "Mmechoka, wanangu. Jumatano zenu niwashikie mpaka mtulie." Kaka akamshukuru kwa mikono miwili. Nani angekataa? Hata wewe ungemshukuru.

Tulipotulia, kaka akaenda kuomba zamu irudi. "Pumzikeni kwanza, kijana wangu. Shamba la marehemu linakimbilia wapi?" Alipokwenda tena alikuta mdomo unaoingiza maji shambani kwetu umezibwa kwa bati zito, na kufuli juu yake. Mwaka huu tumemwagilia kwa ndoo za kisimani: Mama, kaka, mkweo, na kitinda mimba wako akiwa na mtoto mgongoni. Kisima kikaanza kutoa tope. Vitunguu vikatoka kama vifungo vya shati. Mnunuzi akavigeuza kiganjani, akauliza, "Hivi ni vya kuuza au ni mbegu?"

Mjane wa fundi mwashi alishikiwa zamu yake hivyo hivyo. Leo shamba lake liko ndani ya seng'enge ya Bwana Pampu, na nyumba yake ni stoo ya mabomba. Hatujui amehamia wapi. Paka wake bado anakuja kulala kwenye kizingiti.

Mwezi uliopita Mama alikwenda mwenyewe. Bwana Pampu akamletea kiti.

"Shemeji, presha ya nini? Maji ni haya haya. Yanapita kwangu, yanakuja kwenu."

"Yanakuja lini, shemeji? Yakishazeeka?"

Akacheka sana, akafuta macho. Kisha akamwambia, kwa upole kabisa, "Lakini sheria ya mfereji si aliiweka mumeo? Mimi namheshimu marehemu. Namtii."

Unaikumbuka, Baba. Ulipokuwa mwenyekiti wa mfereji, watu walihamia mjini, wakaacha mashamba yawe vichaka, na bado wanang'ang'ania zamu. Ukasimama kwenye mkutano ukasema, "Maji si kiti cha harusini, uweke mkoba uende kucheza." Watu walicheka mpaka wakapitisha sheria: mwenye zamu akikaa mwaka mzima bila kumwagilia mwenyewe, zamu inakwenda kwa aliyeitumia. Ilikuwa sheria nzuri. Bado ni nzuri. Ila hukukumbuka kuwaachia wafiwa upenyo.

Mara ya mwisho shamba letu kumwagiliwa kwa zamu yake ni siku uliyoanguka. Kwa hiyo mwaka tunaoukumbuka ndio huo huo anaouhesabu Bwana Pampu. Na shamba la vitunguu lisilo na maji, kila mtu anajua linaishia mikononi mwa nani. Ameshamtuma dalali mara mbili. Mara ya pili dalali hakuketi. Alizunguka nyumba tu, anaangalia ukuta.

Mama aliporudi siku ile alikaa kwenye kigoda chako, akacheka kicheko ambacho hatukukipenda. "Baba yenu kafunga mlango," alisema, "na sisi tuko nje." Kisha akahesabu kwa vidole Jumatano zilizobaki. "Basi tutaingia kabla haujafungwa."

Jumatano hii ndiyo ya mwisho kabla mwaka haujatimia. Kufuli ni la Bwana Pampu, hatutaligusa. Tutachimba pembeni ya bati, kwenye ardhi yetu, kama ulivyotufundisha mwaka ule wa mafuriko. Tutamwagilia matuta, hata kama ni mawili. Kisha tutamwita wa chini. Akijibu, zamu imetumika, na mfereji mzima utakuwa umesikia. Asipojibu, tutakuwa tumelowesha udongo tu.

Tulimwambia fundi cherehani. Alikaa na kofia yake magotini, anaigeuza geuza. "Mama, mimi na yule... ndiye anayeniletea sare zote za wafanyakazi wake nishone. Nikimwitikia mtu vibaya, cherehani inalala." Mama akamwambia, "Sikuombi ugombane naye. Nakuomba uitike." Akaondoka bila kumaliza chai.

Juzi asubuhi tulifungua mlango, tukakuta jembe lako, lile tulilokuwa tumeliegemeza pale penye bati, tayari kwa Jumatano. Mpini umekatwa vipande viwili, vimelazwa sambamba kizingitini, safi, kama mtu anayerudisha alichoazima. Kaka alichonga mpini mpya siku hiyo hiyo. Mama akaupaka mafuta, na alipomaliza akaweka jembe ndani, karibu na kitanda.

Mama ndiye atakayeita. Amekuwa akijaribu sauti nyuma ya nyumba, anadhani hatumsikii. Ikitoka ndogo anakohoa, anaanza upya: "Maji yako!" Jana mjukuu wako, ambaye ulimwacha hajajua hata kukaa, alimsikia kutoka ndani. Hajafundishwa, hatujui maneno kayaokota wapi. Akaacha kijiko, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, nusu ya maneno yamemezwa: "...yapokea!" Mama alishika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu tumemwona akicheka kwa macho yake yote.

Ndiyo maana tunaandika mapema, Baba, na tunaandika mahali ambapo watu watasoma. Waliokupenda na walio karibu, waje mferejini Jumatano jua likichomoza. Hatuna cha kuwapa, na huenda mbwa wa Bwana Pampu wakawa wamefunguliwa. Waje tu wasimame.

Wanaokukumbuka ni mkeo, Mama yetu. Mwanao wa kwanza na mkewe. Kitinda mimba wako, uliyekuwa ukimngoja na tochi akitoka darasa la jioni. Mjukuu wako mwenye sauti. Na dada yako, ambaye yuko njiani. Yupo pia fundi cherehani. Alituomba tumweke, akarudi akaomba tumtoe. Leo, wakati tunafunga kuandika, amepita nje, hakuingia, akasema akiwa anatembea, "Niwekeni."

Moyoni mwetu huhami, Baba. Jumatano tega sikio.