Pikapu Isiyo na Siti ya Nyuma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi sasa kinakuacha ulale. Sisi huku hatujambo. Mkwe wako anakusalimu sana, na leo anakusalimu huku anacheka. Sababu yake utaiona humu.

Najua Shangazi ameshakupigia simu. Amekwambia nimelitoa lile gari jeupe ulilolisifia kwa majirani wote, nikachukua pikapu, na kwamba nimechanganyikiwa. Mawili ya mwanzo ni kweli. Ningekupigia na mimi, lakini kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza.

Mama, sikulitoa kwa moyo mkunjufu. Unajua nilivyolipenda, asubuhi nililifuta vumbi kabla sijanawa uso. Ndani ya gari lile nilikuwa Bosi, hata watu wasionijua waliniamkia. Ufundi ulianza nikishuka na kuvaa miwani ya kuchomelea. Lakini mageti hayaingii kwenye buti. Kila geti nililomaliza lilingoja lori la kukodi, na lori likichelewa mteja alinitolea maneno mimi. Mwezi uliopita nikajitia ujanja, nikafunga fremu mbili za madirisha juu ya paa. Paa likabonyea. Nilikaribia kulia, na sioni haya kukwambia.

Hiyo ndiyo sababu niliyompa kila mtu, na si uongo. Ila ipo nyingine.

Tangu tuoane, mke wangu hakuwahi kukaa mbele. Mbele ni kwa Shangazi na magoti yake yanayomuuma. Tukienda sokoni yumo, tukienda hospitali yumo, hata kwa wakwe zangu alitangulia kushuka na kupokewa yeye. Nyuma, mke wangu alibanwa na majirani na vikapu vyao, maana jirani akiona siti iko wazi utamwambia nini? Na mimi unanijua, mbele ya wakubwa ulimi unakuwa mzito. Mke wangu nilimwona kwenye kioo tu.

Akaanza kwenda kwa miguu. Nikimwambia apande, anasema amezoea. Siku moja nikamng'ang'ania aniambie kulikoni. Akajibu bila hasira yoyote:

"Nyumbani una mke. Humu ndani una abiria."

Wiki hiyohiyo akaanza kutaja kwenda kwao kupumzika, na hakusema atarudi lini. Hapo nikaogopa, Mama. Niliogopa kweli.

Basi nikaenda yadi ya magari. Muuzaji akalichukua gari, nikaongeza kidogo, akanipa pikapu. Nililipapasa boneti mara ya mwisho nikaondoka bila kugeuka. Nyumbani Shangazi aliizunguka pikapu yote, akauliza wengine watakaa wapi. Nikamwambia hakukuwa na nyingine.

Mke wangu nilimwomba anisindikize kupeleka geti. Akatoka na mkoba wake, akaupita mlango wa mbele, akanyoosha mkono kufungua wa nyuma. Hakuna mlango. Mkono ukagusa bati la bodi, akabaki amesimama palepale. Nikashuka, nikamfungulia wa mbele.

Tukaondoka, geti likigongagonga nyuma yetu. Kisha akasema, "Kumbe barabara ni pana hivi."

Habari ya kwenda kwao hajaitaja tena. Nimepumua, Mama. Hata kuitwa Bosi sikukumbuki.

Sasa neno ninalokuomba ulimeze. Pale yadi zilikuwepo pikapu mbili, za bei moja. Ya pili ilikuwa na milango minne, na siti za nyuma safi kama mpya. Muuzaji alinisihi sana niichukue, akisema mtu mwenye ndugu hawezi kuijutia. Nilimwambia ndiyo maana siitaki. Shangazi hajui, na ukimwambia utakuwa umeniumbua.

Ukija mwezi ujao nitakupokea stendi, nawe utakaa mbele. Nimemwuliza mke wangu kwanza kabla ya kuliandika hili. Anasema kwako hana kinyongo, atabaki nyumbani akitandika chumba chako. Ila ameniagiza niandike wazi kwamba ni kwa safari hiyo moja.

Wape salamu zangu wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na ujitunze na baridi.

Mimi mwanao akupendaye,
Fundi, zamani Bosi