Mama na Viazi vya Mzungu

Jumamosi

Bado nacheka peke yangu! Tangu tumzike baba, kisha mama aje kwangu Woolwich, huku ughaibuni, hatoki nje ila kwenda kanisani. Nimekuwa nikiogopa huzuni itammaliza.

Leo nilimpeleka kwa treni kwenye mji mmoja wa kale, wenye soko la karne nyingi. Majengo hakuyatazama. Alienda moja kwa moja kwa mzee muuza viazi, akaanza kuvipanga mafungu mafungu, kama alivyofanya miaka yote sokoni Karatina.

Mzee akaduwaa.

"Mwambie vikubwa vinakaa mbele," mama akaniagiza.

Nikatafsiri huku nikiona aibu. Wateja wakasogea, wakanunua! Mzee akamvisha mama aproni yake.

Kwenye treni mama akasema, "Yule hajui kuuza. Jumamosi ijayo tuwahi."