Leso Yako ya Kukamia

Mama,

Shikamoo. Najua mkwe haandikii mama mkwe wake barua ya namna hii, lakini kwa miaka kumi na sita hatukupita salamu, habari za mvua na "kiti chako kiko nje, mwanangu." Nilikuwa nikija Mjambere nakaa kwenye kile kiti, mwanao Mbeyu, mke wangu, ananiletea chai, nawe nasikia sauti yako tu kutoka jikoni. Sasa umetangulia, nami nina jambo la kukiri.

Tuanze na mbuzi. Ulipotuachia sisi, shemeji Katana, mwanao wa kiume, alishangaa, nami nilishangaa kuliko yeye, maana maisha yangu yote ni ya makaratasi ya bandarini. Mwezi wa pili baada ya mazishi, mbwa koko wa kule machimboni waliingia zizini wakaua vitoto viwili. Katana akaja, akatazama, akasema, "Akifa mmoja tena, nawauza wote." Tangu tukuzike Mbeyu alikuwa haingii zizini. Anafika mlangoni, anasimama, anarudi.

Nikatafuta walinzi. Mzee mmoja wa Kilifi aliyekuwa akifuga kondoo alikuwa anafunga shamba, akatupatia mbwa wake wawili, Bosi na Shaba. Mama, mbwa hao ni wakubwa, na manyoya yao ni ya nchi ya baridi. Walishuka kwenye pikapu wanahema kama waliokuja kwa miguu. Mzee aliagiza niwafunge nje ya zizi kwanza, wazoeane na mbuzi kupitia ua. Siku ya tatu yule jike wako mwenye pembe moja alimtwanga Bosi, naye Bosi akajificha nyuma ya Shaba. Nikaona tumeleta walinzi wanaohitaji mlinzi.

Walizoeana hata hivyo, nikawafungulia wakae zizini. Shida ikawa mimi. Kila nikiingia na ndoo kukama, mbuzi wananikimbia, na mbwa wakiona mbuzi wanakimbia, basi mwizi ndiye huyu. Niliruka ua, Mama, na umri wangu huu, ndoo ikabaki ndani. Nikampigia simu yule mzee. Alicheka kwanza, halafu akasema mbwa hao humwamini yule anayeaminiwa na mifugo, kwa hiyo nitafute namna mbuzi wanisogelee wenyewe.

Na mbuzi wako walimjua nani? Waliijua ile leso yako ya kukamia, kanga uliyojifunga kila ulipowakama, iliyokuwa bado inaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni.

Hapa naomba utazame pembeni. Niliivaa. Mimi, ambaye hata kamba ya kuanikia nguo zako nilikuwa naizunguka kwa mbali, nilijifunga leso ya mama mkwe juu ya suruali ya kazini. Nilifumba macho wakati wa kuifunga, nikidhani aibu itapungua.

Mbuzi walikuja wote. Shaba akanusa pindo, akakaa. Bosi akalala miguuni pangu. Nilikuwa nimechuchumaa nikikama, nikasikia mtu mlangoni. Alikuwa Mbeyu, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Nikajua analia tena, kwa maana amelia sana mwaka huu. Kumbe anacheka, Mama, anacheka mpaka ameshika nguzo. Mbwa wakampisha, maana ndiye anayewapa ugali. Akaingia.

"Hata kufunga hujui," akaniambia.

Akanifungua ile leso, akajifunga yeye, akachukua ndoo.

Anakama kila asubuhi sasa. Hajafa mbuzi mwingine. Katana alikuja Jumapili baada ya kanisa, lakini Bosi na Shaba hawakumruhusu kufika zizini, ikabidi nimtolee kile kiti changu, akae nje anywe chai.

Sauti yako ya jikoni nimeikosa kuliko nilivyotarajia. Pumzika, Mama. Mbuzi hawauzwi, nakuahidi. Na leso sitaigusa tena, isipokuwa Mbeyu akiugua. Siku hiyo nitafumba macho.

Mkweo,
Baba Kadzo