Nyumba Yako Bado Ina Wasichana

Mama Hajati,

Sukari imeadimika tena. Chai tunainywa hivyo hivyo, nawe ungenuna siku nzima.

Mezani bado ni Kiswahili kitupu, kama ulivyoamuru. Ulitulipia ada ya chuo kikuu, ukatupa vyumba nyumbani kwako, ukatudai hilo moja tu, kwa sababu askari wa vizuizini haulizi kwa Luganda wala Kiingereza. Ukanifanya mwalimu, mimi binti wa polisi niliyekulia kambini. Wewe mwenye Kiswahili cha babu zako wa pwani ukawa unaziba masikio.

"Kiswahili chako kinanipa homa," ulisema, "lakini ndicho kitakachowafikisha nyumbani."

Kisha ukarudia sentensi zangu mbovu pamoja na wenzangu, ukicheka mpaka machozi. Nimekukumbuka, Mama. Nimekukumbuka sana.

Juzi alikuja ofisa mmoja na askari wake. Alisema mwenye nyumba amekufa, kwa hiyo nyumba ni yake. Mimi mwalimu nilirudi nyuma ya wenzangu. Niliogopa angeniuliza jina, ajue kwetu ni kaskazini. Aliyejibu ni Nakato, yule Muganda aliyekuwa haya zinamfanya ale ameinama. Alipiga magoti, kama wanavyosalimu kwao.

"Afande, mama nakufa, lakini watoto yake iko. Sisi nasoma hapa. Wewe natoa sisi, sisi nalala wapi?"

Ofisa alimtazama, akamuuliza nani kamfundisha lugha ya jeshi. Nakato akasema ni mama mwenye nyumba. Ofisa alicheka kidogo, akaondoka. Hakusema kama atarudi.

Baba anataka tuvukie Kenya. Watu wa kwetu kaskazini wanachukuliwa na askari majumbani mwao, wala simlaumu. Nilishafunga sanduku. Halafu jana akabisha msichana kutoka Mbale, amepata nafasi ya kusomea udaktari na hana pa kulala. Aliuliza kama hapa ndipo kwa yule mama anayesomesha wasichana. Vyumba vimejaa, na chako hakuna aliyethubutu kukifungua tangu msiba.

Nilikifungua mimi. Nililia, kisha nikatandika.

Pumzika, Mama. Dua za dini yako sizijui, nakuombea kwa za kwetu. Nakuahidi, maadamu funguo ninazo mimi, hapa hafukuzwi msichana mlangoni. Huyu wa Mbale amelala kitandani kwako, na Baba nimemwambia atangulie.

Mwanao,
Akello