Kura ya Wilf Thirtle

Audrey, unakumbuka jirani yangu Wilf alivyoniuliza, "Hivi bahari ikifika kwenye kaburi la Edna wangu, maua nitamwekea wapi?"

Leo madiwani wa wilaya wamekaa kuamua kama ukuta wa kuzuia mawimbi utajengwa chini ya makaburi ya kanisa, alikolala pia mume wangu Harold. Wilf ni diwani wetu. Bila kura yake tunashindwa.

Akasimama, mkweli yule, akasema amenunua nafasi ya kuzikwa kando ya Edna.

Mwenyekiti, Brenda, akamwambia, "Basi una maslahi, Wilf. Kanuni unaijua: mwenye maslahi binafsi hapigi kura. Utoke, tupige kura."

Alimwambia atoke, Audrey. Atoke!

"Maslahi gani, Brenda? Mita mbili za udongo?"

"Hizo hizo, mzee wangu."

Mungu anisamehe nilivyomchukia mama yule.

Wilf akachukua kofia yake, akatoka, na kura yetu ikatoka naye.